Marehemu asiyeandikwa: namna ya kutafuta na kuomba akte ya kifo

(Maneno yaliyosemwa na mwenzetu mmoja mbele ya vijana wa kartye. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakufika.)

 

Leo sitasema juu ya uchaguzi, wala juu ya maji na umeme. Nitasema juu ya karatasi. Karatasi moja tu, ile wanaita acte de décès, akte ya kifo. Najua wengine wanajiuliza: "Sasa hiyo nayo ni mapambano?" Ndiyo, ni mapambano. Sikilizeni.

Baba anakufa. Tunalia, tunazika, tunakaa kilio, watu wanachanga, feza inaisha. Kisha wiki mbili tatu, ndugu za marehemu wanafika kwenye parsele: "Mama, hii nyumba ni ya kaka yetu. Wewe rudia kwenu." Mama anasema yeye ni bibi ya marehemu, na watoto ni hawa hapa. Wanamuuliza: "Karatasi iko wapi?" Haiko. Hapo njo shida inaanza.

Na sheria yetu iko wazi. Code de la famille, sheria ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema watoto wa marehemu njo warithi wa kwanza: waliozaliwa katika ndoa, na wale wa inje ambao baba aliwatambua akiwa hai. Wao wanapata robo tatu ya mali. Mjane yuko kati ya warithi wa daraja la pili, tena ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ambamo aliishi na bwana yake. Ndugu za marehemu nao wana fungu lao, hakuna anayekataa. Lakini hakuna mahali sheria iliwapa ruhusa ya kumtupa mjane inje.

Lakini ili upate haki hiyo, ni lazima kwanza uonyeshe kwamba mtu amekufa. Na mbele ya Serikali, kifo si kilio wala kaburi. Ni maandishi. Bila maandishi, benki haitoi feza za marehemu, CNSS haianzi dosie ya mjane na mayatima, na karatasi za parsele zinabaki kwa jina la mtu ambaye hayuko tena. Na jina likibaki vile, mwenye nguvu ao mwenye feza njo anashinda.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Kwanza, tusichanganye karatasi mbili. Ile munapewa hopitali, yenye sinyatire ya munganga, ni certificat de décès. Inaonyesha kwamba munganga amehakikisha kifo. Ile si akte. Akte inatoka ku komine, katika bureau ya état civil, na anayetia sahihi ni officier de l'état civil. Familia nyingi zinaweka karatasi ya hopitali katika sanduku na kufikiri kazi imeisha. Haijaisha. Karatasi ya hopitali ni mlango tu. Kama mtu amekufa nyumbani, musilale: mwite munganga wa centre de santé, na umuone chef wa kartye, ili kifo kishuhudiwe na kuandikwa mbele ya mazishi kama inawezekana.

Pili, nenda ku komine ya mahali mtu alifia. Si pale alizaliwa. Anayekwenda ni ndugu wa marehemu ao mtu mwingine anayemjua vizuri. Beba certificat ya hopitali, karte d'électeur ya marehemu, karte yako wewe, na akte ya ndoa kama iko. Sheria imeweka siku za kutangaza kifo. Musingoje kilio kiishe, musingoje mwaka wa kuondoa matanga. Nenda wiki ile ile.

Tatu, soma mbele ya kuondoka kwenye dirisha. Hapa njo tunaumia sana. Sisi Wakongomani tuko na nom, post-nom na prénom. Ku karte d'électeur ziko hivi, ku diploma ziko vile, ku karatasi ya parsele post-nom haiko kabisa. Herufi moja ikikosewa, benki itakwambia: "Huyu si yule." Linganisha jina, tarehe, mahali, jina la mjane. Kama kuna kosa, omba lirekebishwe siku ile ile. Kisha andika kwenye simu yako namba ya akte, mwaka, na volume ya registre. Akte ikiungua ao ikilowana, kwa namba ile watakupatia nakala mpya. Bila namba, utaambiwa "rudi kesho" mpaka uchoke.

Nne, kama kifo ni cha zamani. Baba alikufa miaka kumi imepita, hakuna aliyetangaza. Haki haijapotea. Utaenda ku tribinali kuomba jugement supplétif, na hukumu ile itapelekwa ku état civil iandikwe. Hakimu atataka ushahidi. Tafuta registre ya hopitali na ya morgue. Tafuta paroko ao mchungaji aliyezika, kwa maana kanisa nyingi zinaandika mazishi. Tafuta majirani wawili watatu wenye walikuwa pale na wako tayari kusema.

Tano, na hii ni nzito: wenye mwili wao haukuonekana. Mwezi wa tano 2023, mvua ilifagia Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe. Mamia walizikwa, wengi katika makaburi ya pamoja, na wengine wengi hawakuonekana mpaka leo. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu wengi kuliko majina yaliyoandikwa kwenye liste. Familia zao zifanye nini? Sheria inaruhusu hakimu kutangaza kifo cha mtu aliyepotea katika hatari, hata mwili usipopatikana. Uamuzi ule unachukua nafasi ya akte. Lakini hakuna hakimu atakayekuja kugonga mlango wako. Familia inapaswa kuomba, na sisi tunapaswa kuisindikiza.

Wenzangu, muone namna gani hii inatugusa. Beni, tangu mwezi wa kumi 2014, watu wanachinjwa. Kila mara tunasikia hesabu: kumi na mbili, ishirini, arobaini. Hesabu haina mama, haina watoto, haiendi ku tribinali. Jina njo linakwenda. Siku haki itafunguliwa, ataulizwa nani alikufa, wapi, siku gani. Tukiwa hatuna majina, wauaji watacheka. Inchi ambayo haijahesabu watu wake tangu 1984 inaweza kupoteza watu bila kutetemeka.

Kwa hiyo tunaomba viongozi: bei ya kila karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa komine, na kila feza inayolipwa itolewe quittance. "Feza ya soda" si taksi. Ma-registre yawekwe mahali pakavu, na nakala zake zihifadhiwe mahali pengine, juu vita na volkano tunavijua sisi.

Na sisi wenyewe? Kila mmoja wenu, kwenye avenue yake, atafute familia moja yenye msiba. Musiende na megafoni. Nendeni na heshima, mumsalimie mama, mumuulize: "Mama, muliisha kuandikisha?" Kama bado, msindikize ku komine, umsaidie kusoma Kifaransa cha ile karatasi, na usiondoke mpaka atoke na namba.

Mtu aliishi kwetu akiwa na jina. Asiondoke bila jina.