Mshahara wa mwalimu: kutoka redioni mpaka mfukoni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Butembo, siku ya walimu, 5 Oktoba 2024)

  Najua moto si bure na wengi wetu tumekuja na miguu.

Niliombwa niongee juu ya mshahara wa walimu. Kwa leo mimi si mwalimu. Niko na lisansi yangu, niko nyumbani, sawa wengi wenu hapa. Lakini baba yangu anafundisha shule ya msingi tangu mimi sijazaliwa, na mimi mwenyewe nilifundisha miaka miwili bila kupata hata franka moja ya Serikali. Kwa hiyo naongea mambo niliyoona ku meza ya kwetu.

Mwaka 2024 shule zilifunguliwa tarehe 2 Septemba na walimu wengi wa shule za msingi za umma hawakuingia darasani. Tangu siku ile ni namba tu. Redioni serikali inatoa namba moja, sendika inatoa ingine, na sisi ku WhatsApp tunagombana nani anadanganya. Mara mingi hakuna anayedanganya. Kila mmoja anasoma ile pesa ikiwa bado pahali fulani pa safari yake, na safari ni ndefu.

Inaanza na jina. Katika inchi yetu kufundisha hakutoshi ili ulipwe. Lazima uwe na matrikile, shule iwe imekubaliwa, na jina lako liingie ku listingi ya wale wenye kulipwa. Ndiyo maana walimu wanasema "kumekanizwa". Kazi hiyo zamani ilikuwa ya SECOPE, leo inaitwa DINACOPE. Direktere wa shule anatuma faili, inapanda biro kwa biro, mwisho ifike Kinshasa. Ule anayengojea wanamwita NU, "nouvelle unité", maana yake mwalimu mupya. Mupya! Ninajua wapya ambao wako na mvi.

Faili yangu ilienda mara tatu. Ya kwanza nikaambiwa imepotea. Ya pili, kuna karatasi inapungua. Ya tatu, mtu wa biro fulani akaniuliza kama niko na "kitu ya kusukuma faili". Sikuwa nacho. Sitaitaja ile biro, maana sitaki mfikiri ni moja tu.

Mutaniuliza: sasa ulikula nini miaka miwili? Walimu wenye kulipwa walichanga. Kila mwezi direktere alipitisha bahasha, kila mmoja akatia kidogo juu ya sisi watatu wa NU. Baba wa watoto saba alitoa ku mshahara wake ili mimi kijana ninunue sabuni. Ukisikia "mshahara wa mwalimu ni kiasi hiki", jua kwamba pengine ndani yake muna mshahara wa mwalimu mwingine.

Na wakati sisi tunangojea jina, kuna majina yaliingia bila kungojea. Mwaka 2021 korti kule Kinshasa ilimhukumu inspekta mukuu wa elimu pamoja na direkta wa SECOPE, katika kesi ya pesa ya walimu ambamo shule za uongo zilikuwa zinalipiwa. Mtu ambaye hayuko alikuwa na matrikile. Mimi niliyekuwa na chaki mukononi sikuwa nayo.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana hapa wengi wanakosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ya Mobutu ilishindwa kulipa, walimu wakagoma, shule zikafungwa. Wazazi na makanisa wakapatana: wazazi watatoa kitu ili mwalimu arudi. Wakaita "prime ya motivasio". Ilikuwa ya muda mufupi. Ule muda mufupi ukapita miaka 25.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Ikabaki ku karatasi mpaka Septemba 2019. Siku ile bure ilianza, mama yangu alipiga vigelegele, maana alikuwa analipia watoto wane. Baba alinyamaza. Sikumwelewa. Nilimwelewa nilipofanya hesabu: katika shule za muji zenye watoto wengi, pesa ya wazazi ilikuwa inaweza kupita ile ya Serikali. Mwalimu wa kijijini alikuwa anapata maharagi na kuku, huyo bure haikumpunguzia sana. Lakini mwalimu wa muji, Serikali ilimuongeza mukono wa kuume na bure ikamtolea mukono wa kushoto. Na NU wa shule ya msingi, ambaye aliishi kwa pesa ya wazazi peke yake, akabaki na bahasha ya direktere. Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 mwaka 2020 kusaidia elimu ya bure. Baba anasikia ile namba redioni, anaangalia viatu vyake.

Mimi ninaunga mukono bure. Nawaambia wazi ili mtu asiende kusema nilikuja kuipiga. Mtoto hana kosa. Lakini waliofungua mlango kwa watoto hawakuhesabu kwanza nani atawafundisha na atalipwa na nini.

Haya. Tuseme jina limeingia. Sasa unalipwa kufuatana na daraja: D6 hapati sawa na G3, na G3 si sawa na L2. Juu ya mshahara wa msingi wanatia maprime. Prime si kitu kimoja na mshahara: inaweza kuchelewa peke yake, mwezi huu inaingia, mwezi ujao unaulizia. Muliza mwalimu wowote aonyeshe karatasi inayoeleza: msingi ni huu, prime ni hii, wametoa hii juu ya hivi. Wengi hawana. Wako na SMS ya banki, namba moja, basi. Baba amefanya kazi miaka mingi na hawezi kukueleza kwa nini mwezi moja pesa imepungua. Na yeye ndiye anafundisha watoto hesabu!

Kisha kuna franka. Tuchukue 350 000 FC, ni mfano wa hesabu tu. Mwanzoni mwa 2016, dola moja ikiwa karibu 930 FC, ile pesa ilikuwa dola 376. Mwaka 2019, kwa 1 650, ni dola 212. Mwaka 2024, kwa 2 800, ni dola 125. Karatasi ni ileile, hakuna mtu aliyeiba, na pesa imeenda. Mwenye nyumba hapa Butembo anataka dola. Univerisiti inataka dola. Mafuta ya kula inafuata dola. Ndiyo maana sendika zikisema dola 500 haifai tucheke. Mwaka 2004, kule Mbudi, Serikali ilisaini na sendika za wafanyakazi wake kwamba wa chini kabisa, wisie anayefungua mlango wa biro, atapata dola 208. Imepita miaka 20. Ule mfano wetu wa mwalimu hajafika kwa wisie.

Mwisho ni banki. Tangu 2011 walianza kuwalipa walimu kupitia banki, na ilikuwa vizuri, mikono ya kukata pesa njiani ilipunguka. Lakini hesabu mwalimu anayetoka mbali: moto kwenda, moto kurudi, pengine analala hapa muji juu mashine imekwama. Na wale waliokimbia Kanyabayonga na Kirumba tangu Juni, wako hapa katika familia za watu, wanahesabu wiki.

Kwetu nyumbani siku ya SMS ni hivi. Simu inalia, mama anauliza: "Makuta imeingia?" Baba anasema: "Imeingia." Hakuna anayecheka. Mama anatoa kaye yake. Kwanza avansi ya banki, ile imeshakatwa. Kisha duka la kona, mchele na sabuni ya mwezi uliopita. Kisha likirimba. Kisha minervali ya mdogo wangu wa sekondari, maana kule bure haijafika: mtoto wa mwalimu analipa ili mwalimu mwingine apate prime. Jioni baba anabaki na unité za simu.

Kwa hiyo sisi tunadai nini? Kila mwalimu apewe kila mwezi karatasi ya mshahara yenye kila kitu. Listingi ya kila shule ibandikwe ku ukuta wa shule, wazazi waisome, jina la uongo lionekane. Na wapya wa miaka kumi waingizwe kwanza, mbele ya shule mpya kufunguliwa.

Na wewe mwenye diplome ambaye kesho utaitwa kufundisha kama NU, sikukatazi, njaa haina heshima. Lakini uliza shule kama iko ku bajeti. Na kila karatasi unayotoa, baki na kopi yenye muhuri na tarehe. Mimi sikubaki nayo.

Jumatano saa nane mchana tunaanza kuandika majina ya NU wa muji, shule kwa shule, na tarehe kila mmoja alianza kazi. Tunatafuta watu wawili kwa kila kata. Mwenye kaye na kalamu aje mbele hapa, mama pale ku meza anaandika.