Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu, waume kwa wake: katika maradhi ya nafsi yamo yasiyozungumzwa misikitini, kwa kuwa mwenye nayo huyaonea haya, na asiye nayo huyacheka. Mojawapo ni kula kwa ajili ya majonzi. Mtu hula hali ya kuwa hana njaa. Hula kwa sababu amefiwa, au ameachwa, au deni limemkaba, au nyumba imekuwa kimya. Kinachomuuma ni moyo, naye hulilisha tumbo.

Na uchukuliwe mfano wa mjane wa Kisenyi, mfano ambao katika mji wa Kampala haukosi wenyewe. Siku za matanga nyumba yake haina pa kukanyaga. Wanawake wanapika pilau na matoke, wanaume wameketi nje chini ya turubai. Hitima ikiisha kusomwa, masufuria huoshwa, viti vya kukodi hurudishwa, na kila mtu hurejea katika shughuli zake. Usiku, watoto wakiisha kulala, mjane huamka akaenda jikoni. Hukuta mandazi aliyoyaandaa kwa kuuza asubuhi. Hula moja, kisha la pili, kisha hahesabu tena. Maadamu anatafuna, huzuni hunyamaza. Akimaliza, huzuni hurudi, tena hurudi na mwenziwe, ndiyo aibu. Kulipokucha jirani humsifu kwamba amenawiri, kwa kuwa unene kwa watu wengi ni dalili ya neema. Hapana amwulizaye jinsi alivyolala.

Je, mjane huyu ahukumiwe kuwa ni mlafi? Hasha. Dini haikukataza chakula kumliwaza mtu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha (R.A.), alipofiwa na mtu wa jamaa zake, na wanawake waliokusanyika wakaisha kutawanyika, wakabaki watu wake wa karibu, aliamuru ipikwe talbina, nayo ni uji wa shayiri, akawaambia wale. Akawaeleza kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Kadhalika, Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha.

Mwenye akili na azingatie habari hizi mbili. Chakula kile kilikuwa chepesi, wala hakikuwa cha kuvimbisha tumbo. Kililiwa na watu pamoja, wala hakikuliwa gizani. Kwa jamaa wa Jaafar, kilipikwa kwa mikono ya wengine. Tena talbina ilisifiwa kwa kuondoa baadhi ya huzuni, wala haikusemwa kwamba huiondoa yote. Yule wa jikoni usiku anakitaka chakula kifanye peke yake kazi ambayo kiliwekewa kuifanya pamoja na watu, na pamoja na sala, na pamoja na machozi. Chakula hakiwezi, naye huongeza.

Mwaka 2020 ulidhihirisha jambo hili. Mwezi wa Machi, kwa ajili ya maradhi ya korona, misikiti ya Uganda ilifungwa na mikusanyiko ya mazishi ikapunguzwa. Tarawehe za Ramadhani zikasaliwa majumbani. Skuli zilizofungwa mwezi huo hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika siku zile ilionekana kwamba mtu aliyetengwa na wenziwe huzidiwa na majonzi, na jiko halimwachi mbali.

Madaktari nao wanaeleza sababu yake. Dhiki ikidumu, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli, nayo huweza kuamsha hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vya mafuta. Usingizi ukipungua, hamu huzidi. Kwa hiyo mwenye majonzi asiyelala ana vita na mwili wake mwenyewe, wala kukemewa hakumponyi. Huenda kukamrudisha jikoni.

Basi dawa yake ni nini? Kwanza ni kuzipambanua njaa mbili. Mfungaji wa Ramadhani amekwisha kufundishwa elimu hii. Njaa ya tumbo huja polepole, hukubali muhogo wa kuchemsha kama inavyokubali pilau, na ikishibishwa hunyamaza. Njaa ya moyo huja ghafula, huchagua chapati na soda, na haina kushiba. Mtu akijiuliza kabla ya kunyosha mkono ni ipi iliyomwamsha, amekwisha kupata nusu ya ushindi.

Pili, njaa ya moyo na ipewe chakula chake. Mtume (S.A.W.) alipofikwa na jambo zito alikimbilia sala, na alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, wala hakuyaficha machozi. Mwenye huzuni na atawadhe, asali rakaa mbili, asome Kurani kwa sauti, au alie mbele ya mtu amwaminiye. Asubuhi na atembee kwa miguu, apande kilima cha Kibuli au cha Kampala ya zamani, maana miguu ikitembea fikra hupungua uzito.

Tatu, njaa ya tumbo nayo na itendewe haki. Ashindaye bila chakula kutwa kwa kujiadhibu, usiku hulipa kwa riba. Bora kula kwa nyakati zake na kwa kiasi: Mtume ameelekeza kwamba tumbo, likiwa halina budi kujazwa, theluthi moja iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Na chakula chenyewe kisitafutwe mbali. Madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt walifanya kazi Mulago, papa hapa Kampala, katikati ya karne iliyopita. Waliona kwamba baadhi ya maradhi yaliyokuwa mengi Uingereza yalikuwa machache kwa wagonjwa wao wa Afrika, na mwaka 1975 wakatoa pamoja kitabu kilichohusisha tofauti hiyo na vyakula visivyokobolewa, vyenye nyuzinyuzi. Maharage, viazi vitamu, mboga za majani, uji wa ulezi: haya ndiyo waliyoyaacha wazee.

Saumu za sunna ni njema, lakini zisifanywe adhabu ya ulaji wa jana; na mwenye ugonjwa wa sukari asifunge bila ya kumwuliza daktari. Na yule ambaye hawezi kabisa kujizuia, au hujitapisha kwa siri, au ameona maisha hayana maana, na apelekwe hospitali. Mulago na Butabika zina madaktari wa maradhi ya nafsi, wala si aibu kwenda, kama isivyo aibu kumpeleka aliyevunjika mguu.

Linabaki la nne, nalo ni fungu la jamaa. Waislamu wa Kampala hawana upungufu wa kuhudhuria maziko. Upungufu uko baada ya hitima. Bibi Aisha alipika talbina watu walipokwisha kutawanyika, maana saa hiyo ndiyo nzito. Basi kila mtaa na ujue wafiwa wake, na mtu apige hodi kwa mjane wiki ya pili, na mwezi wa tatu, achukue bakuli la uji, aketi ale pamoja naye, amsikilize. Asiutaje mwili wake, kwa sifa wala kwa lawama. Uji ule utaondoa baadhi ya huzuni, na mtu aliyeuleta ataondoa nyingine.

Mwenyezi Mungu azishibishe nyoyo zenye njaa, awaliwaze wafiwa, na awafanye majirani kuwa sababu ya faraja. Amin.