Taa ya Mjomba

Kut 28:15-21, Ufu 21:18-23



Mtu yeyote aliyewahi kusoma somo la leo mbele ya waamini anajua jinsi ulimi unavyokwama katika yale majina ya mawe. Mwandishi wa Ufunuo anatuhesabia misingi 12 ya mji mtakatifu, kila msingi na kito chake. Msomaji huanza kwa ujasiri, hujikwaa katikati, na akilifikia jiwe la mwisho, amethisto, hushusha pumzi kama mtu aliyevuka mto. Nasi wahubiri, tukubali, tukipanda kuhubiri twalipita jiwe hilo bila hata kugeuza shingo. Leo tungependa kubaki nalo kidogo, kwa maana twaifahamu nyumba moja ambamo jiwe hilo liliwatenga watu waliokuwa wakila sahani moja.

Amethisto ni jiwe la rangi ya zambarau. Kwa asili yake ni kwatzi, jamaa ya lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo wa dhahabu hulipasua wakiufuata mshipa. Ndani yake mna chembe kidogo sana za chuma, na chembe hizo, zikipigwa kwa muda mrefu mno na mionzi itokayo katika miamba yenyewe, ndizo zinazolipa jiwe rangi yake. Wagiriki waliliita kwa jina lenye maana ya “asiyelewa”, wakiamini kwamba anywaye divai katika kikombe cha amethisto hawezi kulewa. Hatumshauri mtu yeyote kulijaribu jambo hilo. Hapo kale lilihesabiwa pamoja na almasi na zumaridi, hata katika karne ya 19 yalipopatikana kwa wingi huko Brazil, na thamani yake ikashuka. Maaskofu wengi wamelivaa katika pete zao kwa karne nyingi. Na karibu na kwetu huchimbwa kusini mwa Zambia, huko Mapatizya.

Zambia ndiko yalikotoka mawe ya habari yetu. Katika mji mmoja wa nyanda za juu kusini, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mna familia ya jumuiya ndogo ndogo tunayoitembelea mara kwa mara. Baba wa nyumba hiyo alipomaliza kujenga, shemeji yake, kaka wa mke wake, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia, alimletea zawadi: mfuko wa mawe ya amethisto, kama 30 hivi, yasiyochongwa. Fundi wa mtaani akayafunga moja moja kwa waya wa shaba, akayapanga kuizunguka balbu mfano wa kichala cha zabibu, akaitundika taa hiyo darini kwa mnyororo. Watoto wakaiita “taa ya mjomba”. Nasi tulialikwa kuibariki nyumba, na jioni ile ilipowashwa kwa mara ya kwanza, kuta zote zikapata rangi ya mawingu ya magharibi, hata bibi mmoja aliyekuwa pale akajifunika kanga kichwani kana kwamba ameingia kanisani.

Lakini taa hiyo ilitundikwa wapi? Haikutundikwa juu ya meza. Ilitundikwa dirishani, upande wa barabara, ili wapitao waione. Tena haikuwashwa ila wageni wakija. Siku nyingine zote watoto walisoma jikoni, wakigombania mwanga wa balbu moja iliyochafuka kwa moshi, na sebule ikakaa gizani pamoja na taa yake nzuri. Dirisha lile lilielekea machweo. Basi katika mwaka mzima taa iliangaza labda jioni kumi, bali jua liliyachoma mawe yale kila alasiri.

Miaka tisa ikapita. Pole pole zambarau ikapauka, mawe yakawa kama maji yaliyooshewa kikombe cha maziwa. Baba akayatazama, akatoa hukumu: “Shemeji alinipa vioo vilivyopakwa rangi.” Neno hilo alilisema kwanza mezani, kisha kwenye kikao cha ukoo, kisha msibani, mbele ya watu. Shemeji alisimama pale pale, akachukua kofia yake, akaondoka. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumba ya dada yake. Watoto wakakatazwa kulitamka jina la taa. Mama alibaki katikati. Alipokwenda kumwona kaka yake alikwenda kwa siri, kama mtu aendaye kuiba, na alipokuja kwetu kuomba ushauri hakulia, alisema tu, “Padre, nimechoka kuchagua.”

Nasi tulimsaidiaje? Hapa inatupasa kusema kweli. Sisi nasi tuliyatazama mawe yale, tukaamini kwamba shemeji amedanganya. Tulimhimiza mama asali ili kaka yake atubu. Hatukumwuliza kaka huyo hata neno moja.

Siku ya Noeli mwaka mmoja akaja binti wa jumuiya hiyo, aliyejifunza kazi ya kukata vito kule Arusha. Akaiona taa, akauliza dirisha linaelekea wapi. Kisha akaomba chupa tupu. Akalifungua jiwe moja lililopauka, akaikwaruza chupa, nayo ikaachwa na alama nyeupe isiyofutika kwa kidole. “Mzee,” akasema kwa unyenyekevu, “kioo hakiwezi kukikata kioo mwenzake hivi. Hii ni amethisto ya kweli. Baadhi ya mawe haya hupoteza rangi yakikaa juani kwa muda mrefu. Na ukiyatia katika moto mkali, mengi hugeuka kuwa ya manjano.”

Ndipo mama alipoinuka akaenda chumbani. Akarudi na fundo la kitambaa, akalifungua mbele ya mume wake. Ndani yake mlikuwa na jiwe moja lililobaki siku ile fundi alipomaliza kazi, ambalo alikuwa amelificha kabatini kwa sababu ni zawadi ya kaka yake. Lilitoka katika mfuko ule ule. Lilikuwa zambarau nzito, kama siku lilipoletwa.

Hakuna aliyesema kitu. Baba alilishika lile jiwe katika mkono mmoja, na lile lililopauka katika mkono wa pili, kwa muda mrefu.

Ndugu wapendwa, katika kitabu cha Kutoka tunaisikia amethisto kwa mara ya kwanza, katika safu ya tatu ya kifuko cha kifuani cha Haruni. Kuhani hakupewa mawe yale ili apendeze tu. Katika kila jiwe lilichorwa jina la kabila, ili aingiapo patakatifu ayachukue majina ya ndugu zake juu ya moyo wake. Mawe ya nyumba ile nayo yalikuwa na jina juu yake, na watoto walilijua. Baba alilinda rangi, akalifuta jina; tena hata hiyo rangi hakuilinda, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyeiweka juani. Na Injili ya Mathayo, inapozungumza juu ya taa iwekwayo juu ya kinara, yasema inawaangazia wale waliomo nyumbani. Hao wapitao barabarani haikuwataja.

Juma lililofuata baba alipanda basi. Mfukoni alichukua jiwe lililopauka. Alitusimulia baadaye kwamba njiani aliandaa maneno mengi, lakini alipobisha hodi yote yalimtoka, akanyosha mkono tu wenye lile jiwe. Shemeji alilitazama, akasema, “Ingia kwanza, shemeji. Chai iko tayari.” Sisi pia tulikwenda kwake, siku nyingine, kwa deni letu wenyewe. Alitusamehe upesi kuliko tulivyostahili.

Tulipofika tena katika nyumba ile, taa ilikuwa imeondolewa dirishani. Fundi ameishusha juu ya meza ya chakula, kama sentimeta 80 hivi kutoka mezani, akaiwekea balbu ya siku hizi isiyochoma. Kwa kuwa mawe yamepauka, mwanga unapenya zaidi kuliko zamani, na watoto watatu walikuwa wamelaza madaftari yao chini yake. Mama alikuwa ameomba lile jiwe la kabatini nalo lifungwe kati ya mengine, na pale lilipo huangusha doa moja la zambarau juu ya kitambaa cha meza. Mtoto mdogo aliweka kidole chake kwenye doa hilo, akauliza kwa nini jiwe hilo peke yake ni jeusi.

“Kamwulize mjomba,” akajibu baba yake. “Anakuja Jumapili.”