Jicho la Fundi na Kamba Yake
(Mazungumzo na vijana wa useremala, Busia)



Mimi si fundi. Kazi yangu hunipeleka majumbani mwa watu, na huko ndiko ninakokalia viti vyenu.

Wengi wenu hamchori. Mteja anasema, "Nataka kitanda kama cha jirani," fundi anaangalia, anapima kwa shubiri, anakata. Siwalaumu. Wazee wetu walichonga vigoda vya miguu mitatu kwa macho tu, na kigoda cha namna hiyo hakitikisiki hata sakafu ya udongo ikiwa na mabonde. Miguu mitatu hupata mahali pake, minne hubishana. Jicho linajua umbo. Linajua pia kiti cha nyanya kiwe kimo gani, nyayo zifike chini na magoti yasipande.

Lakini pembe jicho hudanganya. Fremu ikilala upande kidogo, utaiona iko sawa. Chukua kamba, pima kutoka kona hadi kona, kisha zile kona nyingine mbili. Zikitofautiana, sukuma fremu kabla hujapiga msumari. Kamba haina gharama.

Na kuna maji yaliyo ndani ya mbao. Hayo ndiyo yanayotuharibia jina, jamani. Mbao ikikauka hupungua upana. Urefu karibu haupungui. Kwa hivyo ulimi uliokaza Desemba unacheza tundu lake Machi. Mama ametoa pesa za chama, zamu yake ya mwaka mzima, na kabla ya Pasaka kitanda kinalia. Akinunua kiti cha plastiki mara nyingine, nani atamlaumu?

Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliwekwa 2018. Sisi huku mbao zetu ni za shambani, mkaratusi na grevilea, na mti huangushwa siku karo inapodaiwa. Unafika kwenu ukiwa mbichi kabisa. Mkaratusi ndio msumbufu zaidi, hupasuka na kupinda.

Najua hamna pesa ya kungoja miezi. Basi nunueni mti mmoja kwa pamoja. Pangeni mbao juu ya mawe, vijiti katikati ili upepo upite, bati juu, ncha zipakwe rangi kuukuu. Anayechukua mbao kavu arudishe mbichi kiasi kile kile.

Mawe yapo nyuma ya kanisa. Jumamosi kila mmoja aje na kamba, na kiti chake kimoja kinachotikisika.