Msanii Asiuze Njia ya Kazi Yake



Ipo dhana potofu miongoni mwetu kwamba video ya muziki haivumi mpaka imwagiwe fedha. Dhana hiyo hatuna budi kuipiga vita.

Mwaka 2006 vijana wanne wa bendi ya OK Go ya Marekani walicheza juu ya mashine nane za mazoezi ya kukimbia, mbele ya kamera moja, bila kukatiza picha hata mara moja. Aliyewaongoza ni Trish Sie, dada yake mwimbaji wao, Damian Kulash. Hapakuwa na magari wala majumba ya fahari. Watu wakapelekeana video hiyo katika intaneti, na mwaka 2007 ikapata tuzo ya Grammy.

Lakini funzo kubwa lilikuja baadaye. Kampuni yao ya rekodi, EMI, ilikuwa ikilipwa pale tu video ilipotazamwa ndani ya YouTube yenyewe. Kwa hiyo ikazuia watu wasiiweke katika kurasa zao. Kulash aliandika mwaka 2010 kwamba watazamaji walishuka kutoka kama 10,000 kwa siku hadi 1,000 na ushei. Mwaka huo huo bendi ikaachana na kampuni hiyo, ikaanzisha yake.

Basi, ndugu zangu, msanii asitie sahihi mkataba kabla ya kuuliza: ni nani atakayeamua kazi yangu ionekane wapi? Jembe ni letu na jasho ni letu. Njia ya kwenda sokoni tusiikabidhi kwa mwingine huku tumefumba macho.