Matandiko ya Farasi Mdogo wa Vita



Mmetutaka tueleze habari za kazi ambayo baadhi yenu huiita mchezo wa watoto, yaani kufanyiza matandiko ya farasi wadogo wa vita. Farasi wetu ni wa kipimo cha 1 kwa 32, mfano wa wale wa askari wa Uingereza katika vita vya 1914 hata 1918. Kimo chake hata mabegani ni karibu sentimita 5. Mwili twaununua, lakini vyombo twavifanya wenyewe, kwani vile vitokavyo kiwandani vimegandamana na ngozi kana kwamba vimechorwa.

Ukanda wa hatamu wenye upana wa milimita 25, kwetu haufiki milimita 1. Twaukata kwa wembe mpya katika bati laini la mrija wa dawa, lililonyoshwa kwa mgongo wa kijiko. Karatasi yafaa pia, walakini hailegei kwa uzito wake kama ngozi, na hatamu isiyolegea humfanya farasi kuwa wa mti. Lijamu na vikuku ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa katika sindano. Upande wa kushoto hukaa upanga wa namna ya 1908 pamoja na mfuko wa viatu vya akiba. Upande wa kuume, bunduki katika ala yake.

Basi mwaka jana, usiku wa kuamkia maonyesho, tulimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa saisi zamani. Hakusifu upanga wala bunduki. Alimpindua farasi juu chini, akauliza, "Mwanangu, tandiko hili limefungwa wapi?"

Kumbe mkanda wa tumboni hatukuutia! Na tusifiche, hatukusahau. Tulidhani hapana atakayetazama huko.

"Likigeuka," akasema, "mtu wako atakwenda chini ya kwato. Mimi nimewaona."

Rangi ilikwisha kauka. Hata hivyo tulikesha, tukambandua farasi katika kibao chake, tukaupitisha mkanda, na katika haraka ile tukavunja kikuku cha kuume. Waamuzi hawakutupa kitu. Mzee alikuja, akampindua tena, akautazama mkanda kwa kitambo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatuuliza kikuku cha pili ki wapi.