Lugha ya Taarifa za Uendelevu katika Ukanda wa Dhahabu



Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Mwaka huohuo wa 2000 shirika la Global Reporting Initiative lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuyaelekeza makampuni namna ya kueleza athari zao kwa mazingira na jamii. Migodi hii na fani hii ya uandishi, basi, ni marika. Tangu hapo yameandikwa mengi kuhusu maji, ajira, shule na zahanati za huku, kwa kawaida kwa Kiingereza, kwa ajili ya wenye hisa walio Johannesburg, Toronto na London. Mkulima wa Kahama humo huitwa mdau, lakini hakuandikiwa yeye.

Taaluma ya Kiswahili inaingiaje hapa? Tuanze na vitenzi. Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi wilayani Kishapu. Kitenzi "bomoka" kimo katika kauli ya kutendeka, nacho hakimdai mtenda. Sisemi kwamba palikuwa na mbomoaji aliyejificha. Nasema kwamba kitenzi hicho hakituelezi ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuukagua ukuta, na hilo ndilo ambalo taarifa inapaswa kulijaza. Vivyo hivyo kwa "hama" na "hamishwa". Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa ili kuipisha kampuni; yakazuka madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni, Serikali na kampuni zikayakanusha. Anayeandika "walihama" na anayeandika "walihamishwa" hawasimulii tukio moja. Kuandika kwa Kiswahili peke yake, kwa hiyo, si dawa. Kiswahili nacho kina maficho yake.

Hata hivyo, neno likiwafikia watu hufanya kazi. Machi 2017 Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini, na makontena 277 yakakaguliwa na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, neno "makinikia" lilitoka kwa wataalamu likaingia vijiweni. Watu wakaanza kuulizana ndani ya makinikia mna nini zaidi ya dhahabu: shaba? fedha? Kabla ya hapo swali lenyewe halikuwa na jina. (Wachimbaji wadogo, kwa upande wao, walikwisha kuwa na "marudio" kwa mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, neno zuri, na sioni kwa nini wanaistilahi walikwepe.)

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Vikao vya halmashauri huendeshwa kwa Kiswahili. Diwani anayepewa kabrasha la Kiingereza huidhinisha jumla ya fedha tu, kwa kuwa tarakimu ndizo anazozisoma. Mahali pa kisima, na atakayekitunza, hupita bila kujadiliwa. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Napendekeza mpango huo na taarifa ya utekelezaji wake viandikwe kwanza kwa Kiswahili, kisha vitafsiriwe kwa wenye hisa, na kila kitenzi cha kutendeka kihojiwe kabla ya kupigwa chapa.